Maswali ya Wasomaji: Kilomita Ngapi, Saa Ngapi Angani?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: umbali kati ya miji miwili na muda wa ndege kuumaliza. Zilizofanana tumeziunganisha. Katika mahesabu tumetumia zaidi Madrid na New York, kwa sababu miji hiyo miwili iko karibu latitudo moja na hilo linasaidia kueleza mengi.

Swali: Nimetafuta umbali wa Madrid na New York mahali panne, nikapata 5,763, 5,775, 3,580 na 3,110. Nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya, ila wawili kati yao hawakukuambia wanapima kwa kipimo gani. 3,580 ni maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609. 3,110 ni maili za baharini, kila moja kilomita 1.852. Marubani na mabaharia hutumia hizi za pili. Ukizichanganya unakosea kwa asilimia 15 hivi, na hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Ukikuta neno "maili" peke yake bila maelezo, usiandike popote mpaka umejua ni ipi.

Tofauti ya 5,763 na 5,775 ni jambo jingine. Dunia si mpira kamili. Imetuna kiunoni: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Anayekokotoa kwa haraka huchukua wastani wa 6,371 na kuihesabu dunia kama mpira, na anayetaka usahihi hutumia umbo halisi lililobonyea. Kosa la njia ya kwanza halizidi nusu asilimia hivi, na kwa msafiri hilo si kitu.

Kuna tofauti ya tatu: unapima kutoka wapi? Wengine hupima katikati ya mji hadi katikati ya mji, wengine uwanja hadi uwanja. Uwanja wa Narita uko kilomita zipatazo 60 kutoka katikati ya Tokyo, wakati Haneda uko ndani ya mji kabisa. Kwa safari ya kilomita 9,000 hutaona tofauti kwenye saa za kuruka, lakini utaiona kwenye treni baada ya kutua.

Swali: Naweza kukokotoa mwenyewe kwa kikokotoo cha shuleni?

Unaweza, kwa dakika tatu. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili. Uwanja wa JFK wa New York uko latitudo 40.64 kaskazini, longitudo 73.78 magharibi. Barajas wa Madrid uko 40.47 kaskazini, 3.56 magharibi.

Kwanza tafuta tofauti ya longitudo: 73.78 toa 3.56, unapata 70.22. Kisha zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili: 0.6513 × 0.6490 = 0.4227. Weka pembeni. Halafu zidisha cos ya latitudo ya kwanza kwa cos ya pili, kisha kwa cos ya ile tofauti ya longitudo: 0.7588 × 0.7608 × 0.3384 = 0.1954. Jumlisha matokeo mawili, unapata 0.6181. Bonyeza kinyume cha cos, kile kitufe chenye alama ya cos⁻¹, na jibu ni nyuzi 51.82. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo 51.82 × 111.2 ni kilomita 5,762. Ukitaka maili za baharini, zidisha nyuzi kwa 60. Kipimo hicho kilitokana na hilo hasa: dakika moja ya nyuzi, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, ni maili moja ya baharini.

Ukipata jibu la ajabu, angalia mambo matatu kwa mfuatano huu. Kikokotoo kiko kwenye nyuzi, inavyotakiwa hapa, au kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe? Hapa ndipo wengi huanguka. Je, umeweka alama ya kutoa kwa latitudo za kusini na longitudo za magharibi? Katika mfano wetu miji yote iko magharibi, ndiyo maana tumetoa tu bila kujali alama. Mji mmoja ukiwa mashariki na mwingine magharibi, namba hizo mbili zinajumlishwa. Na la tatu, umegeuza dakika kuwa desimali? Nyuzi 40 na dakika 38 si 40.38, ni 40.63, kwa sababu 38 inagawanywa kwa 60.

Umbali mkubwa kuliko wote unaowezekana ni kilomita 20,015 hivi, nusu ya mzingo wa dunia. Kikikupa zaidi ya hapo, rudi mwanzo.

Swali: Kama Madrid na New York ziko latitudo moja, kwa nini ramani ya kwenye kiti inaonyesha ndege ikipanda kaskazini kisha kushuka? Si wangeenda tu moja kwa moja magharibi?

Huko kwenda "moja kwa moja magharibi" ndiko kuzunguka. Ukifuata mstari wa latitudo ya 40.5 toka mwanzo hadi mwisho utasafiri kilomita 5,937 hivi. Njia inayopinda kwenye ramani ni 5,763. Umeokoa kilomita zaidi ya 160.

Chukua tufe la dunia na uzi. Bana ncha moja ya uzi Madrid, nyingine New York, uvute mpaka ukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda kaskazini. Katikati ya safari unapita latitudo ya 46. Huo ndio mstari mfupi kuliko yote juu ya mpira, nao ni sehemu ya duara linaloigawa dunia nusu kwa nusu. Ramani ya ukutani imenyoosha kitu cha mviringo kikawa bapa, na kadiri unavyoelekea kwenye ncha ndivyo inavyotanua: katika ramani ya Mercator, iliyozoeleka zaidi, kilomita moja kwenye latitudo ya 60 huchorwa ndefu mara mbili ya kilomita moja ya ikweta. Ndiyo maana safari ya London kwenda Los Angeles hupita juu ya Greenland, jambo linaloshangaza abiria wengi wanapochungulia dirishani na kuona barafu.

Safari za kaskazini kwenda kusini hazina mshangao huo. Cairo na Johannesburg karibu ziko kwenye longitudo moja, na njia yake, kilomita 6,260 hivi, ni mstari ulionyooka hata kwenye ramani.

Swali: Basi nikigawanya kilomita kwa kasi ya ndege napata saa za safari?

Unapata namba, lakini si ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Tuichambue.

Kasi kwanza. Ndege kubwa za masafa marefu kama Boeing 787 na Airbus A350 husafiri kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Zile za njia moja katikati ya viti, Airbus A320 na Boeing 737, huenda kama Mach 0.78. Kasi ya sauti inategemea joto la hewa. Chini, kwenye nyuzi 15 za Selsiasi, ni kilomita 1,225 kwa saa. Kimo cha mita 11,000, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, hushuka hadi 1,062. Kwa hiyo Mach 0.85 ni kilomita 900 kwa saa, na Mach 0.78 ni 830. Ndege ya mapangaboi kama ATR 72 hufanya 500 hivi. Usimwamini anayekwambia "ndege huenda 1,000 kwa saa" bila kukwambia ndege ipi na upepo upi.

Pili, muda wa tiketi si muda wa kuruka. Saa ya kuondoka ni pale ndege inapoanza kusogea kutoka getini, na saa ya kufika ni pale inaposimama kwenye geti la huko iendako. Katikati kuna kusukumwa nyuma, kutambaa ardhini, kungoja foleni kwenye barabara ya kurukia, kupanda, kushuka, kujipanga na wenzake ili kutua, na kutambaa tena. Kwa uwanja wa kawaida jumlisha dakika 30 hadi 40 juu ya hesabu yako. Kwa uwanja mkubwa saa za msongamano, kutambaa kabla ya kuruka peke yake kunaweza kula nusu saa.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, upepo. Juu ya latitudo za kati, za kaskazini na za kusini, kuna mikondo ya upepo mkali ivumayo kutoka magharibi kwenda mashariki, kwenye kimo kilekile cha kilomita 9 hadi 12 ambacho ndege hupenda. Katikati ya mkondo, upepo kupita kilomita 200 kwa saa ni jambo la kawaida, hasa majira ya baridi, tofauti ya joto kati ya ncha na tropiki inapokuwa kubwa.

Chukulia wastani wa kilomita 100 kwa saa njia nzima. Kutoka Madrid kwenda New York ndege inakutana nao usoni, upepo wa mbisho kama waitavyo mabaharia. Kilomita 900 inakuwa 800 juu ya ardhi: saa 7 na dakika 12 angani. Kurudi, 900 inakuwa 1,000: saa 5 na dakika 46. Ongeza dakika 40 za ardhini na za kupanda na kushuka, unapata karibu saa 7 na dakika 52 kwenda, na saa 6 na dakika 26 kurudi. Ratiba itasema zaidi kidogo ya hapo, kwa sababu mashirika huongeza akiba ili ndege iliyochelewa kuondoka bado ifike kwa wakati. Hiyo ndiyo siri ya ndege iliyong'oka ikiwa imechelewa dakika 20 na bado rubani akatangaza kwamba mmefika mapema.

Angalia pia kwamba upepo haurudishi wote uliochukua. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 12 na dakika 48. Kwa upepo wetu ni saa 12 na dakika 58. Dakika 10 zimepotea, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu ndani ya upepo unaoichelewesha kuliko ndani ya ule unaoisukuma.

Kwa Cairo na Johannesburg, upepo huu hupiga zaidi ubavuni. 6,260 kwa 900 ni karibu saa 7, weka dakika 40, na kwenda na kurudi havitofautiani sana.

Swali: Mwalimu wetu alisema ndege inayokwenda mashariki huchelewa kwa sababu dunia nayo inazunguka kwenda mashariki na kuukimbiza mji. Mbona ratiba zinaonyesha kinyume?

Ratiba ziko sahihi. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa hiyo. Helikopta ikining'inia hewani siku tulivu kwa saa nzima, itatua palepale iliporukia. Hata hivyo mzunguko wa dunia una mkono wake kwa njia ya mbali: ndio unaoipinda hewa itokayo tropiki kuelekea ncha mpaka ikawa mkondo wa kwenda mashariki.

Swali: Skrini ilionyesha kilomita 1,150 kwa saa. Tulikuwa tumevunja kasi ya sauti?

Hapana. Skrini huonyesha kasi juu ya ardhi, na kasi ya sauti hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka ndege. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56, na kasi yake juu ya ardhi ikapita kilomita 1,300 kwa saa. Dhidi ya hewa ilikuwa ikienda kama siku zote. Iliyovunja kweli kasi ya sauti katika njia hiyo ni Concorde, iliyostaafu mwaka 2003. Ilikwenda Mach 2, na safari ilikuwa saa tatu na nusu hivi.

Swali: Kilomita 350 tu, lakini tiketi inasema saa 1 na dakika 5. Kwa kasi ya 830 si ilipaswa kuwa dakika 25?

Ndege haifiki huko kwenye 830, na ikifika haikai. Chini ya futi 10,000, sehemu nyingi za dunia huizuia isizidi maili za baharini 250 kwa saa, yaani kilomita 463. Kushuka nako kuna kanuni: kwa kila futi 1,000 za kimo, marubani hutenga maili 3 za baharini. Kutoka futi 36,000 hizo ni maili 108, sawa na kilomita 200. Kupanda kunakula umbali unaokaribia huo. Jumla ni 400, na safari yako ni 350! Kwa hiyo ndege itapanda hadi futi 24,000 au pungufu, isogee kidogo, ianze kushuka. Angani itakaa kama dakika 35 hadi 40. Zilizobaki ni kutambaa na akiba ya ratiba.

Kwa umbali wa namna hii ndege ya mapangaboi huachwa kwa dakika 10 tu hivi na hutumia mafuta machache zaidi. Abiria wengi huidharau bila sababu.

Swali: Tiketi yangu inasema naondoka Tokyo 17:00 na kufika Los Angeles 10:00 siku hiyohiyo. Ni kosa la uchapaji?

Si kosa. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Geuza zote kuwa saa za UTC, saa ya pamoja ambayo saa za nchi zote hupimwa dhidi yake, kisha utoe. Tokyo iko mbele ya UTC kwa saa 9, hivyo 17:00 ni 08:00 UTC. Los Angeles majira ya baridi iko nyuma kwa saa 8, hivyo 10:00 ni 18:00 UTC. Safari ni saa 10. Umevuka mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki ukapewa siku ileile mara mbili. Ukirudi utanyang'anywa, na tiketi itakuwa na alama ya +1 kando ya saa ya kufika.

Hesabu hii huharibika mara mbili kwa mwaka. Marekani huanza saa za majira ya joto Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa wiki mbili au tatu katikati, tofauti ya Madrid na New York huwa saa 5 badala ya 6. Ndege inayoondoka Madrid 11:00 na kufika New York 13:20 (saa 8 na dakika 20) itaandikwa kufika 14:20, na muda ni uleule. Mwishoni mwa Oktoba hutokea tena, kwa wiki moja.

Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu. 22:40 ni saa nne na dakika arobaini usiku, hilo wengi wanalijua. Linalowakosesha watu ndege ni 00:30. Tiketi ikisema tarehe 12, saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku unaoanza jioni ya tarehe 11. Anayefika uwanjani usiku wa tarehe 12 amechelewa siku nzima. Andika kwenye karatasi: "Usiku wa kuamkia tarehe 12, niwe uwanjani tarehe 11 saa tatu usiku."

Swali: Helsinki–Tokyo zamani ilikuwa saa 9 na nusu. Sasa wanasema 13. Mji umehama?

Mji uko palepale, ila anga ndiyo iliyofungwa. Tangu Februari 2022 ndege za nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kupita juu ya Urusi, na njia fupi ya Helsinki–Tokyo ilikuwa karibu yote juu ya Siberia. Sasa hupita kaskazini kupitia Ncha ya Kaskazini na Alaska, au kusini kupitia Asia ya Kati. Kikokotoo chako kitaendelea kukupa umbali uleule wa zamani, kwa kuwa hakijui mipaka wala vita.

Mambo mengine huipinda njia. Ndege ya injini mbili lazima iwe na uwanja wa dharura ndani ya muda uliowekwa kwa aina yake, ikihesabiwa kwa mwendo wa injini moja. Zamani kikomo kilikuwa dakika 60, na bahari nyingi hazikukatwa kati. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hupangwa upya mara mbili kwa siku kufuata upepo: za kwenda magharibi huukwepa mkondo, za kwenda mashariki huufuata. Njia ya siku hiyo inaweza kuwa ndefu kwa kilomita na bado ikawa fupi kwa saa.

Swali: Nimeuziwa safari "ya moja kwa moja" lakini ina saa mbili zaidi ya hesabu yangu. Kwa nini?

Huenda inatua mahali. Katika lugha ya mashirika, safari yenye namba moja inaweza kuitwa ya moja kwa moja hata kama inashuka njiani kuchukua abiria na mafuta. Uliza "inatua popote?" badala ya "ni ya moja kwa moja?", au tazama kwenye ratiba idadi ya vituo. Ikiwa sifuri na bado saa zimezidi, angalia aina ya ndege na mwelekeo wa safari, halafu rudia hesabu ukiweka upepo.